Wa Nyuma ya Picha

Jumamosi saa nne asubuhi Dairekta alifungua dirisha la jikoni, akafuta lenzi kwa upindo wa shati, akamwambia mdogo wake akakae kule nyuma, kwenye karai la vyombo. Dairekta ni jina alilojipa mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kamera moja ya mtumba na maoni mengi.

"Kamera ni sanduku tu, Mama," alimwambia mama yake, fundi cherehani. "Lenzi ndiyo inayoona. Ukiifungua mpaka mwisho, wa mbele anatoka mkali kama wembe, wa nyuma anayeyuka. Hapo ndipo picha inakuwa sinema."

Wa mbele alikuwa rafiki yake, aliyeigiza mtu aliyeachwa na mchumba. Mama ndiye aliyemshonea shati. Wa nyuma alikuwa huyo mdogo wake, kitindamimba wa miaka saba, maana nyuma kusipojongea mtu, alisema Dairekta, picha inalala.

Baada ya filamu ya tatu ukungu wa lenzi haukumtoka mtoto. Alitoka jikoni vilevile, kingo zimeyeyuka, uso kama taa inayoonekana kupitia kioo chenye mvua. Mama alimwogesha, akampaka mafuta, wapi. Shuleni mwalimu alimwandika hayupo, na huku amekaa dawati la kwanza anajibu maswali.

"Shikamoo," alimsalimia jirani mlangoni.

"Marahaba, popote ulipo," jirani akajibu, akapita zake.

Jumamosi iliyofuata mama aliacha cherehani, akaja jikoni.

"Leo mpige picha mdogo wako, mwanangu. Mara moja tu."

"Mama, huyu hana hadithi. Halafu ukungu alionao, hata lenzi za wakubwa haziwezi kuutengeneza. Nimharibu?"

"Nakuomba."

Dairekta akashusha pumzi, akageuza pete ya lenzi polepole. Mtoto akatokea. Kwanza nyusi, kisha kovu jipya kidevuni, kisha meno mawili ya mbele, mapya, makubwa. Mama hakujua kuwa ya utoto yalishang'oka.

"Yaling'oka lini, mama'ngu?" akamuuliza mtoto.

"Usiongee, Mama, nahamisha ukali," alisema Dairekta, akairudisha pete mpaka kwenye bomba lililokuwa likivuja huku mbele. Tone la maji likawa kali kama wembe.

"Umeona? Hiyo ndiyo mbinu. Ukimganda mtu mmoja, mtazamaji anachoka."

Mama akasema ameona.

Siku hizi anampima mtoto sare kwa kupapasa, bega hadi bega. Akimaliza humpitishia kidole kinywani, akahesabu.

"La tatu limeota, Mama," ilisema sauti juzi.

"Nimelisikia."

Kutoka jikoni Dairekta aliita kwamba mwanga umekaa vizuri. Ukungu ukainuka, ukaenda kwenye karai.