Mavuno ya Mwisho ya Eulenlay

Alwine aliuzungusha mvinyo mdomoni, akautema kwenye ndoo, akatulia kidogo kusikiliza ulimi. Jana, alipong'oa kizibo, chupa ilinuka jiwe lililolowa, basi. Leo, baada ya kukaa wazi kwenye baridi ya stoo ya chini ya nyumba, harufu ya mafuta ya taa, ile ya mvinyo mzuri uliozeeka, ilikuwa imepanda, nyuma yake asali, na nyuma ya asali ganda la limau. Ule ukali wa kukwaruza meno ulikuwa umelainika.

"Umeiva," alimwambia binti yake.

"Mwaka juzi ulisema nini, mama?"

"Mwaka juzi ulikuwa umelala. Riesling, mvinyo wa zabibu nyeupe, ikilala, ukiiamsha kwa nguvu inanuna. Sasa imebaki chupa hii moja, na kesho Reinhold anatimiza miaka themanini. Nikikosea, sina nyingine."

"Mpikie keki tu, yaishe."

"Yaishe kwa nani, Trudel?"

Reinhold alikuwa kaka wa marehemu mumewe. Mume alipozikwa, mteremko wa Eulenlay, uliokuwa bado kwa jina la baba mkwe, ulimwangukia Reinhold. Alwine alimsihi amwachie aulime mwenyewe, maana kila mzabibu pale aliufunga kwa mkono wake, mgongo umepinda, mawe meusi yakimteleza chini ya buti. Reinhold aliing'oa mizabibu yote. Alisema mvinyo wa pale ni maji ya limau. Sasa pameota miiba tu, na Alwine alikuwa amezitunza chupa za mavuno ya mwisho, akifungua moja kila baada ya miaka michache, anaonja, anarudi kungoja.

Alitaka kitu kimoja: Reinhold alitaje jina la mteremko ule kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Kesho yake, nyama ilipoliwa, aliileta chupa imevalishwa soksi, kama ilivyo desturi ya nyumba za bonde la mto Mosel, Ujerumani, ili wageni wabahatishe mvinyo umetoka wapi. Reinhold hakuwahi kukosea.

"Shemeji, soksi hiyo ya marehemu?" alisema. "Imefuliwa lakini?"

Meza nzima ikacheka.

"Imefuliwa. Wewe kunywa."

Alinusa, na kicheko chake kikakatika. Alikunywa amefumba macho, akaukalisha mvinyo mdomoni muda mrefu. Kisha akaishusha glasi taratibu, ila vidole havikuiachia.

"Wa ng'ambo ya mto," alisema mwishowe.

Mzee Kunibert, jirani, alimgeukia. "Wewe, Reinhold? Ng'ambo wana mvinyo kama huu tangu lini?"

"Nimesema ng'ambo."

"Umekosea, shemeji," Alwine alisema kwa upole. "Na aliyekosea haongezwi. Sheria aliiweka baba yenu, si mimi."

Akaizunguka meza akimwaga, glasi kwa glasi, bila haraka. Kwa Reinhold alipita kama anayepita kiti kitupu. Aliporudi mahali pake, chupani palibaki kiasi cha kidole.

Reinhold aliisukuma glasi yake mbele. "Niongeze, Alwine."

"Sema jina."

"Una mwingine kule chini?"

"Huu ndio wa mwisho. Wewe unajua kwa nini."

Alwine aliinamisha chupa juu ya glasi yake mwenyewe, ukatoka uzi mwembamba wa dhahabu, polepole, polepole, naye akiitazama midomo ya Reinhold ikianza kufunguka.