Laurids Apiga Kura ya Siri

Jikoni kwake Laurids Kjær alikuwa simba. Alipiga meza mpaka bakuli za uji zikaruka, akimweleza mkewe Kirstine jinsi mabwana wa chama cha Kulia walivyowakalia wakulima wadogo kichwani, na kwamba siku kura ikifanywa siri watamtambua. Kisha uchaguzi wa bunge ulifika, wanaume wakakusanywa uwanjani kunyoosha mikono, na Laurids akaunyoosha wake kwa mtu wa Kulia, juu kabisa, ili msimamizi Bruun auone vizuri. Nyumba aliyokaa na shamba alilolima vilikuwa mali ya bwana mwenye ardhi yote ya Lindholt, na mwenye kuamua nani abaki, nani atoke, alikuwa Bruun. "Mkono huu una akili kunizidi," alizoea kusema Laurids.

Mwaka 1901 siri ikaja kweli: karatasi, penseli na pazia katika shule ya kijiji. Bruun naye alikuja, akakaa kwenye benchi karibu na sanduku.

Nyuma ya pazia Laurids alimwekea alama mtu wa Kushoto, chama cha wakulima. Akatoka kifua mbele, na miguu, kwa mazoea yake, ikampeleka moja kwa moja kwa Bruun. Akavua kofia, akamwonyesha karatasi ikiwa wazi.

"Laurids," akasema Bruun, "ndiyo nini hii?"

Laurids akaitazama karatasi kana kwamba kaiandika mtu mwingine. "Mungu wangu."

"Kura iliyoonyeshwa haihesabiwi!" akafoka mwalimu aliyesimamia kura, akiichana. "Shika nyingine. Safari hii ikunje, ng'ombe wewe!"

Laurids akarudi nyuma ya pazia, masikio yakiwaka moto. Sasa angeweza kumpa mtu wa Kulia, kisha amwambie Bruun kwamba ile ya kwanza penseli iliteleza. Nyumba ingebaki. Alisimama pale mpaka mtu mmoja akauliza kama amelala. Mwishowe akaweka alama Kushoto, akaikunja karatasi mpaka ikawa kama punje ya haragwe, akaisukumiza sandukuni kwa kidole gumba.

Nje, Kirstine alikuwa akimngoja penye uzio. Bruun akawafuata.

"Haya, ya pili umempa nani?"

Hapo Laurids alitakiwa kufanya jambo moja tu, kufunga mdomo.

"Yuleyule," akasema.

"Baba Jens!" Kirstine akamvuta koti.

"Niache, mama. Bwana Bruun, mnaweza kunitoa nyumbani, lakini hamtaweza kunitoa..." Hotuba hii aliifanyia mazoezi miaka mingi, mbele ya bakuli.

"Nikutoe?" Bruun akawasha kiko. "Tangu asubuhi wamepita hapa wanaume wote wa Lindholt wakiniongelesha habari za mvua. Wote wamepiga Kushoto, nyuso zao zinasema. Nikiwafukuza wote, viazi sukari nipande na mke wangu? Jumatatu uje na jembe, na usichelewe kama juzi."

Akaondoka zake. Laurids akabaki na nusu ya hotuba mdomoni. Alijiandaa kuwa shujaa, kumbe alikuwa kama wenzake wote, ila wao walijua kukunja karatasi.

"Nyumba tunayo," akasema Kirstine.

"Tunayo."

"Sasa mbona umenuna?"

"Angalau angekasirika kidogo."

Kirstine alicheka mpaka akashika uzio asianguke. Laurids akajitahidi kuendelea kununa, akashindwa.