Pete ya Bosi Anselmo

Dalvina hakuwa mlevi, hata padri wake angemtetea. Ila mikono ilimtetemeka mpaka kahawa inamwagika, na bosi Anselmo alikuwa ameshakata shauri: Ijumaa anamfukuza kwa ulevi, bila kiinua mgongo. Miaka yote hiyo ya kujaza zebaki kwenye vipimajoto pale kiwandani Sorocaba, leo aitwe mlevi! Mwanamke alichemka.

Ndipo chama cha wafanyakazi kikamleta Jurema, mpimaji wa hewa. Alipoingia tu, akakunja uso. Madirisha yote wazi, feni zinavuma, nusu ya tanuri zimezimwa.

"Leo kuna sikukuu?"

"Ndivyo tulivyo siku zote," bosi akajibu, meno yote nje.

Dalvina akaangua kicheko. "Bosi, feni hizo ndiyo kwanza tunaziona zikizunguka! Tulidhani mapambo."

"Nyamaza, mlevi we!"

Jurema akambandika Dalvina kipimo cha mvuke wa zebaki kwenye kola, kisha akamtazama vidole yeye na wanawake wenzake wa mezani. "Dada zangu, mbona hamna pete? Hakuna aliyeolewa?"

"Ziko kwenye kopo, kwa mlinzi getini," Dalvina akasema. "Humu ndani dhahabu haidumu."

"Porojo hizo!" Bosi alishinda ofisini ghorofani, mambo ya meza zao angeyajulia wapi? "Zebaki hapa haimwagiki hata tone."

"Hata kwenye meza hii?" Jurema akauliza kwa upole.

"Hata hiyo!" Akaipiga meza, akaipangusa kwa kiganja kizima mpaka kwenye ufa wa ubao.

Alipoinua mkono, pete yake ya ndoa ilikuwa nyeupe kama bati. Akaisugua kwenye suruali. Wapi! Weupe haukutoka; zebaki ikigusa dhahabu huing'ang'ania. Wanawake wakashika midomo wasicheke.

"Fungeni madirisha," Jurema akasema. "Zimeni feni, washeni tanuri zote. Tunapima kama mlivyofanya kazi jana, halafu wote mnatoka nje."

Haikuchukua muda. Kipimo kilipanda, kikapita alama ya hatari, na bado kikawa kinapanda. Jurema akakisoma mbele ya wote, kisha akamgeukia bosi. "Mikono ya huyu mama inatetemeshwa na hewa yako. Hafukuzwi mtu hapa Ijumaa. Anatibiwa, na wewe ndiye unayelipa."

Bosi alikuwa bado anasugua kidole. Dalvina akamsogelea, mikono ikimtetemeka vilevile, akaitazama ile pete kwa huruma.

"Masikini," akasema. "Nayo imelewa?"