Uvimbe Wenye Njaa

Dalali aliusukuma mkono wa mdogo wake wa kike, supu ikamwagika kwenye shuka.

"Nimesema sili." Sauti iliyobaki ilikwaruza. Zamani alikuwa akinadi mali mnadani bila kipaza sauti. Sasa saratani imekaa kooni.

"Kaka, daktari amesema ukizidi kukonda hakupasui."

"Daktari wenu. Nyie wote lenu moja."

Dada huyo alikuwa fundi wa maabara inayochunguza saratani hiyohiyo. Alifuta shuka kwanza.

"Nani amekukataza kula?"

"Wewe. Si ulikuwa unajitapa hapa mbele ya wifi yako? Seli ikikosa chakula inajila yenyewe. Basi huu uvimbe naushindisha njaa, ujile uishe. Leo unakuja kuulisha. Au mnautaka kwa utafiti wenu?"

Dada alikuwa amesema hivyo kweli, akicheka, mkoba begani, akaondoka kabla hajamaliza maelezo.

"Ulisikia nusu. Haijili ili ife. Inakula vipande vyake vilivyochakaa, ipate nguvu ya kuvumilia njaa. Kazini tunazinyima seli za saratani chakula makusudi. Nyingi zinabaki hai, dawa ikija inazikuta ngangari."

"Kwa nini zisife?"

"Ndani yake kuna uzi wa RNA, nakala inayotolewa kwenye jeni. Wenyewe hautengenezi protini, kazi yake kuwasha na kuzima shughuli za jeni nyingine. Kwenye seli tunazochunguza umezidi. Unachochea kule kujila, unanyamazisha amri ya kufa. Tukiupunguza, zinaanza kufa."

"Nipunguzieni basi."

"Hiyo bado ni kwenye vyombo vya maabara, sio kwa watu. Wewe una kisu tu, na kisu kinataka mwili wenye nguvu."

Dalali aligeukia ukutani.

"Ungejua kufunga domo lako, nisingebaki mifupa."

Dada aliomba kimoyomoyo. Hakuomba uponyaji, aliomba asimjibu vibaya.

"Ni kweli," alisema.

Dalali alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Supu imepoa," alinung'unika.

"Naipasha."

"Na usije na maombi yako."

"Nimeshamaliza."

Supu iliporudi, Dalali alikunywa taratibu, kila funda likimchoma, macho amemkazia dada yake kana kwamba ni mteja aliyewahi kumtapeli. Bakuli lilipokwisha akalisukuma.

"Ongeza. Halafu utoke."

Dada akaongeza, akavuta kiti, akakaa.