Tuta la Nyuma ya Jikoni

Cheptanui alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumpa rafiki kama Akoth, muuza mboga. Kila mara alimkuta akichuma chakula chake nyuma ya jikoni, kwenye tuta dogo la sukuma wiki zilizokonda, zinazonyweshwa maji ya tangi, huku yale majani mapana aliyoyapanda kando ya mtaro wa maji machafu akiwafungia wateja. Cheptanui, mjane, alidhani ni unyenyekevu: mtu anauza kilicho kizuri, anakula kilichobaki. Hata kwenye kikundi cha maombi aliwahi kumtolea mfano.

Kwa hiyo Tejal, msichana wa chuo, alipofika Nakuru miezi ile ya kampeni za 2007 na kamera ya kupima kama mboga za mtaroni zina sumu, Cheptanui ndiye aliyekwenda shambani kwa Akoth kumtetea mwenzake. Mgongoni alimbeba mjukuu wake Jepchumba, aliyeachishwa ziwa juzi juzi na kuzoeshwa ugali na sukuma za Akoth. Akachuma jani la mtaroni. Halafu, ili ushahidi ukolee, akaongeza la nyuma ya jikoni.

Tejal alieleza kuwa kamera ile husoma mwanga ambao jicho halioni, na jani lililokunywa madini ya risasi huurudisha kwa namna yake. Maabara ingethibitisha. Kwenye kompyuta jani dogo likatoka kijani tupu. Lile pana likajaa mabaka mekundu, alama ya risasi.

"Mama, haya si ya shamba moja," Tejal akasema.

"Ni moja. Nimechuma kwa mkono wangu."

Cheptanui akamgeukia Akoth. Akoth hakuuliza mabaka yale ni nini; alikuwa ameinama, anatazama miguu yake.

"Ulijua," Cheptanui akasema.

"Tangu wale wa kiwanda cha betri waanze kumwaga maji yao mtaroni huko juu. Lakini dada, nani amekufa?"

"Ulimwona mtoto huyu akianza kula. Ukaniongezea fungu."

Akoth akachuma haraka haraka sukuma za nyuma ya jikoni, akamjazia kikapu. Cheptanui akazitoa, akaziweka chini polepole, kisha akamuuliza Tejal ni wapi wanapima damu ya mtoto.

Langoni walisimama wateja wawili na mifuko yao. Akoth akamtazama kwa macho ya kuomba. Cheptanui akakaza leso ya mtoto kifuani.

"Kabla hajawafungia," akawaambia, "mwambieni awaonyeshe anapochuma zake."