Mtoto Aliyeniita kwa Jina

"Begaiym, nibebe," mwanangu aliniambia mbele ya lifti, na jirani yetu wa ghorofa ya tatu akaangua kicheko.

"Makubwa! Mama kageuzwa yaya," alisema. "Huko malishoni mlimlisha nini huyu?"

Nilicheka pia, maana ningefanyaje. Saikal alikuwa na miaka mitatu na nusu. Mwezi Juni tulipoondoka Bishkek kwenda malishoni kwa wakwe zangu alikuwa akiniita mama, mama, mama, hadi nikawa najifungia chooni nipumzike. Sasa Agosti inakwisha, tumerudi na magunia yetu na mashavu yaliyobabuka kwa jua la mlimani, na mtoto huyohuyo ananiita Begaiym, vilevile kama bibi yake anavyoniita nikichelewa na ndoo ya maziwa. Apa, yaani mama, kwake alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kosa lilikuwa langu, na nalisema sasa kwa sababu miaka kumi na sita imepita. Kule juu farasi majike hukamuliwa kila baada ya saa mbili, kutwa nzima. Nilikamua mimi. Nikasukasuka maziwa ya ng'ombe nikatoa siagi, nikawasha moto wa samadi, nikawamiminia wageni chai, na kila aliyeingia hemani alimwambia mama mkwe, "Umepata mkwe, umepata!" Sifa zile nilizimeza zote. Nami nikiinua kichwa kutoka chini ya tumbo la farasi, namwona yeye ameketi na mwanangu mapajani, anamsuka nywele. Mtoto akawa halali ila kifuani pake.

"Mwache hapa, wewe umechoka," aliniambia. "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

Alilisema akicheka. Mimi neno lile nilishuka nalo mlimani.

Basi tuliporudi mjini nikaanza vita. Maji ya moto, ambayo mji huyakata kila kiangazi, yalikuwa hayajarudishwa kwenye mabomba, nikachemsha masufuria, nikamwosha Saikal nywele mara tatu ili harufu ya moshi wa samadi imtoke, kwa kuwa harufu ile ilikuwa ya bibi yake. Kizibao cha manyoya alichomshonea nikakifunga kwenye mfuko, nikakitupa juu ya kabati. Vidonge vya mtindi mkavu alivyompa njiani, vile vyeupe vyenye chumvi ambavyo mtoto hupenda kumung'unya, nikavimwaga jalalani. Saikal alilia siku nzima.

"Apa angenipa," aliniambia. "Wewe mbaya, Begaiym."

Mume wangu, Talant, alivua viatu, akayasikiliza malalamiko yangu, akapiga miayo.

"Ndiyo mila yetu, mtoto wa kwanza ni wa wazee," alisema. "Hata mimi nililelewa na bibi. Nina kasoro gani?"

"Nikianza kuzihesabu hatutalala."

Kisha ikaja habari ya simu. Malishoni mtandao haushiki ila juu ya kilima kimoja, na mama mkwe alipanda farasi kila alasiri kwenda kilimani kumpigia mjukuu wake. Nilijua. Nililiona jina lake likimulika juu ya meza ya jikoni, nikamwona akilini na yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na tano juu ya farasi, upepo unampiga, simu sikioni. Nikaendelea kumenya viazi. Siku sita mfululizo, na sitawaficha, nilisikia raha.

Siku ya saba akabisha mlangoni. Alikuwa amevuka milima kwa gari la abiria tangu alfajiri, na mkononi alikuwa na siagi iliyofungwa kwenye tumbo la kondoo. Talant alikuwa kazini, Saikal amelala usingizi wa mchana. Nikamkaribisha jikoni, nikammiminia chai.

"Simu yako imeharibika?"

"Haijaharibika, Mama."

"Nilijua." Akanywa kidogo. "Nimekuja kumchukua mpaka theluji iyeyuke. Wewe utapata wa pili, utapata wa tatu. Huyu ni wangu, mila unaijua."

"Simtoi."

Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Miaka mitano ya ndoa sikuwahi kumwambia hapana, hata kwa chumvi ya mchuzi.

"Simtoi, Mama. Hata Talant akikubali, simtoi. Semeni sina adabu. Nakuonea wivu, ndiyo, nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti!"

Nikaungoja ukali wake. Yeye akawa anazungusha bakuli la chai mkononi.

"Talant nilimtoa akiwa na siku arobaini," alisema. "Mama mkwe wangu alinyoosha mikono tu, nikamweka humo. Sikufungua mdomo. Loo, walinisifu! Mkwe mwenye adabu. Na baada yake sikujaliwa mwingine." Akanitazama. "Umewahi kumsikia akiniita mama?"

Kwa miaka mitano nilikuwa nimemsikia akimwita kwa jina lake tu. Zuura, chai iko wapi. Zuura, umeshindaje. Nikaona ni mazoea ya kwao tu, wala sikujisumbua kuwaza zaidi.

"Wewe unaniita mama kwa heshima," alisema. "Huyu mdogo ndiye wa kwanza kuniita kwa kunitaka."

Chumbani Saikal akaamka. "Apa!" aliita. "Apa!"

Tulisimama pamoja, viti vikagonga ukuta. Tukatazamana. Kisha mama mkwe akakaa tena, taratibu, akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nenda," alisema. "Nenda kabla sijabadili nia."

Nikaenda. Saikal alikuwa ameketi kitandani, shavu lina michirizi ya mto. Aliponiona uso ulimsawijika.

"Si wewe," alisema.

Nyuma yangu nikasikia koti likivaliwa, halafu mlango mkubwa ukifungwa polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka kusikika. Ningeweza kumkimbilia kwenye ngazi. Ningeweza kumwita, walau ambusu mtoto. Sikumwita. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nikamkumbatia mwanangu kwa nguvu zangu zote, na yeye akaanza kulia mikononi mwangu, akimwita mama yake.