Mkataba wa Kumfunga Meneja

Hakuna mkataba uliotoka kiwanda kile cha magodoro bila kupita mkononi mwa Shangazi. Yeye ndiye aliyekuwa akizibana kurasa zake kwa pini.

Lakini siku hiyo alivuta kiti mezani, akakaa katikati ya wakili na mpwa wake, mwenye kiwanda. Alikuwa na sababu. Meneja aliyepita aliondoka Ijumaa na daftari la wateja kwapani. Jumatatu akafungua duka la magodoro ng'ambo ya barabara. Mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja, na nusu yake ilihusu saa ya kunywa chai. Wateja waliobaki walihesabika kwa vidole. Akiondoka na hao meneja mwingine, kiwanda kwisha.

Wakili alileta kurasa ishirini na mbili. Shangazi akazisoma zote kwa kidole, midomo ikimchezacheza, huku wakili akitazama saa yake kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "humu umetukinga na tetemeko la ardhi, mafuriko na vita. Sisi aliyetubomoa alikuwa amevaa tai."

"Mama, hiyo ndiyo lugha ya kisheria."

"Basi iambie lugha yako iseme hivi: orodha ya wateja ni mali ya kiwanda. Meneja mpya akiondoka, mwaka mzima asiwaguse wateja wetu. Na aseme kama bado amefungwa na mwajiri wake wa zamani, tusije tukaoa mke wa mtu."

Wakili akaandika, pua juu. Mpwa akanong'ona, "Shangazi, usimkimbize huyu. Ana miaka tisa kwenye magodoro."

"Hata kunguni anayo."

Meneja mtarajiwa akaingia, viatu viking'aa kuliko wasifu wake wa kazi. Alimwamkia Shangazi kwa kuinama nusu, akijua fika nani wa kubembelezwa, kisha akakaa, akakunja nne.

Wakili akaanza kumsomea. Kwenye mshahara mtu yule aliitikia kwa kichwa, kwa upole wa bwana harusi. Kwenye orodha ya wateja akasema, "Sawa kabisa, mali ya mtu ni mali ya mtu."

"Kifungu cha tisa," wakili akasoma. "Mwajiriwa anathibitisha kwamba hafungwi na ahadi yoyote kwa mwajiri aliyemtangulia."

"Ah, mama, mimi niko huru kama upepo! Kule tulipeana mikono tu. Sijawahi kusaini hata karatasi."

Mpwa akamtupia Shangazi jicho la umeona-sasa, akamsogezea mgeni kalamu. Mgeni akaifungua.

"Kumi. Akiacha kazi, kwa muda wa mwaka mmoja hatawauzia magodoro wateja wa kiwanda hiki."

Kalamu ikasimama hewani. "Mwaka? Mwaka mzima?" Akageuka kwa mpwa, uso umemwiva. "Bosi, huu ni uonevu! Watu wazima hawafungwi hivi. Mbona kule walinifunga miezi sita tu, na bado miwili..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Wakili akajitia kutafuta kitu chini ya meza. Mpwa akanyoosha mkono taratibu, akachukua kalamu yake.

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo bila haraka.

"Endelea, baba," akasema. "Bado miwili ifanye nini?"